Kufunga choo na kutegemea sanamaki: nianzie wapi kurekebisha chakula na mazoea yangu?

Mwalimu, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nasomesha skuli hapa Wete, na kwa muda mrefu sasa nasumbuliwa na kufunga choo. Hupita siku tatu au nne bila ya kwenda haja kubwa, na siku ninayokwenda choo hutoka kigumu, vipande vipande, baada ya kujikamua mpaka jasho likanitoka. Hata nikimaliza hubaki na hisia kwamba bado kuna kitu ndani, na tumbo hujaa gesi kiasi cha kunikosesha hamu ya chakula cha usiku.

Chakula changu hakina tofauti na cha jirani zangu. Asubuhi ni chai ya maziwa na boflo au maandazi, mchana ni wali na mchuzi wa samaki, usiku ni chapati au wali uliobaki. Matunda nakula yanapokuwa msimu wake. Maji nakunywa zaidi usiku, kwa sababu skuli yetu ina vyoo vichache na wanafunzi wengi, hivyo nimezoea kunywa kidogo mchana na kujizuia mpaka nirudi nyumbani.

Lililonifanya niandike ni sanamaki, yale majani ya kuharishia. Nainunua sokoni na kuichemsha mwenyewe. Hapo awali kikombe kimoja kilinitosha kwa muda mrefu, lakini sasa nalazimika kuinywa kila wiki, na kinachotoka ni maji matupu, kisha tumbo hufunga tena kwa siku kadhaa. Sijaona damu, sijapungua uzito, wala situmii dawa nyengine yoyote. Ningependa kujua kama chakula na mazoea peke yake vinaweza kuniondoa katika hali hii, na kama vinaweza, jambo la kwanza la kufanya ni lipi.

Muuguzi mstaafu, Chake Chake

Waalaykum salaam mwalimu. Umefanya vyema kutaja mapema kwamba huna damu, hujapungua uzito na hutumii dawa, kwa sababu hayo ndiyo maswali ambayo mtu yeyote wa afya angekuuliza kabla ya kukupa ushauri wa chakula. Kwa hali uliyoieleza, nina matumaini makubwa kwamba mazoea na chakula vitakusaidia, na mimi ningeanza na mazoea.

Kazi moja ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa humo kwa muda mrefu maji huendelea kufyonzwa, na choo huwa kikavu na kigumu. Kwa hiyo kila unapobanwa darasani ukajizuia, unakiongezea choo muda wa kukauka, na mtu akifanya hivyo kwa miaka, sehemu ya mwisho ya utumbo huzoea kukaa imejaa bila ya kumpa mwenyewe ile hisia ya kutaka kwenda. Ndiyo maana watu wengi wenye tatizo lako husema kwamba hawabanwi tena, wakadhani kwamba tumbo ni tupu.

Utumbo mpana hujikunja kwa nguvu zaidi baada ya mtu kula, na hasa baada ya chakula cha asubuhi, kwa kuwa tumbo limepumzika usiku mzima. Wakati huo ndio wa kuutumia. Ukishasali Alfajiri, kunywa maji glasi moja au mbili, kula chakula chako bila ya haraka, na ndani ya nusu saa nenda chooni hata kama hujabanwa. Kaa dakika 5 hadi 10, bila ya simu na bila ya kujikamua, kisha uondoke, liwe limetokea jambo au halikutokea. Siku za mwanzo huenda usipate kitu, na usivunjike moyo kwa hilo, kwa sababu tumbo lililozoeshwa vibaya kwa miaka haliwezi kurudi katika hali yake kwa siku mbili. Kwa baadhi ya watu kahawa nayo huuamsha utumbo mpana, kwa hivyo kikombe kidogo asubuhi si kibaya kama presha yako na usingizi wako vinakuruhusu.

Namna ya kukaa pia ina uzito wake. Kuna msuli unaoizunguka njia ya haja kubwa na kuivuta mbele ili choo kisitoke ovyo. Mtu akichuchumaa msuli huo hulegea na njia hunyooka, na akikaa kwenye kiti, hasa akiwa amenyoosha mgongo, hulegea kwa kiasi kidogo tu. Kama nyumbani kwako mna choo cha kukaa, weka kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya kiuno, uiname mbele kidogo na uegemeze viwiko kwenye mapaja.

Kuhusu skuli, ukipata nafasi ya kwenda haja nyumbani kabla ya kutoka, shida hiyo itapungua yenyewe. Lakini siku utakayobanwa skuli, muombe mwalimu mwenzako akuangalizie darasa na uende. Sisi tumefundishwa hata katika fiqhi kwamba inachukiza mtu kusimama kusali huku akiwa anajizuia haja, sembuse kusimama mbele ya ubao.

Mama mpishi, Makunduchi

Mwalimu, namuunga mkono muuguzi kwa yote aliyoyasema, ila nikitazama siku yako nzima ya chakula naona unga mweupe asubuhi, mchele mweupe mchana na unga mweupe tena usiku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, yaani ile sehemu ya mimea isiyosagika tumboni. Sahani nzima ya wali mweupe haifikishi hata gramu 2, na boflo na maandazi hayaongezi kitu kikubwa. Upande wa pili, kikombe kimoja cha kunde au choroko zilizopikwa huwa na gramu 10 au zaidi. Hapo utaona kwamba huna haja ya chakula cha kuagizia kutoka mbali, kwani kunde za nazi, mbaazi na mchuzi wa choroko ni vyakula tulivyokulia navyo, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya samaki.

Mimi nisingekuambia uache wali, kwa sababu najua usingeniitikia, nami mwenyewe sijauacha. Nakuambia upunguze wali katika sahani hadi nusu ya kiasi ulichozoea, na nafasi iliyobaki uijaze kwa kunde au mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, au bamia ambayo ute wake hukilainisha choo. Siku nyengine uuache wali kabisa ule shelisheli la kuchemsha, majimbi, viazi vitamu au muhogo, navyo uvile pamoja na mboga na kachumbari ya tungule. Asubuhi uji wa mtama au wa ulezi, ambao unga wake haukukobolewa, ni bora kuliko boflo, na ukimpata mtu anayepika mkate wa mofa wa mtama au uwele, mnunulie huyo. Chapati nazo zinaweza kupikwa kwa unga wa ngano usiokobolewa. Huwa nzito kidogo mkononi, lakini ukiukanda kwa maji ya moto na kuuacha upumzike, hutoka laini.

Matunda yawe ya kila siku. Hapa kwetu hakuna mwezi usiokuwa na tunda: yakiisha maembe kuna machungwa, kuna mapapai na mananasi, kuna mafenesi na mastafeli. Mapera ni katika matunda yenye nyuzinyuzi nyingi sana, kiasi cha gramu 5 katika kila gramu 100, ila yale pamoja na ganda lake. Kula tunda lenyewe, kwa kuwa ukilikamua na kulichuja, sehemu kubwa ya unachokihitaji inabaki kwenye chujio. Maji ya ukwaju nayo yamejulikana kwa muda mrefu kwamba hulainisha tumbo, mradi usiyajaze sukari.

Jambo moja la kuzingatia ni kuongeza vitu hivi kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Ukiruka kutoka maandazi hadi bakuli la kunde kwa siku moja, tumbo litajaa gesi na utasema kwamba kunde zimekudhuru. Ziroweke usiku kucha, ulimwage lile maji, uzipikie maji mapya, na gesi itapungua. Maji ya kunywa nayo yaongezeke pamoja na chakula hiki.

Fundi, Mkoani

Nimesoma majibu na nayaheshimu, lakini nina mambo mawili. La kwanza, wazee wetu hawakuhesabu gramu na hawakufunga choo. Dawa yao ilikuwa maji, na naamini mwalimu akinywa maji mengi, lita nne au tano kwa siku, shida yake itakwisha bila ya kubadilisha chochote. La pili, nimeambiwa tangu utotoni kwamba ndizi hufunga tumbo, nanyi hamkulitaja hilo.

Muuguzi mstaafu, Chake Chake

Ndugu yangu fundi, maji yana kazi yake, na mwalimu anakunywa machache mno mchana. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ni kiasi kinachowatosha watu wengi, na zaidi kidogo wakati wa joto la kaskazi au kwa mtu anayefanya kazi juani kama wewe. Lakini mtu ambaye tayari anakunywa ya kutosha, akiongeza lita nyengine mbili, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hutoka kwa njia ya mkojo. Kinachoyashika maji yabaki ndani ya choo ni nyuzinyuzi. Kwa hivyo maji bila ya nyuzinyuzi humsaidia zaidi yule aliyekuwa na upungufu wa maji, na nyuzinyuzi bila ya maji zinaweza hata kuzidisha shida.

Wazee wetu hawakuhesabu gramu kwa sababu hawakuwa na haja ya kuhesabu. Sahani zao zilikuwa na muhogo, mtama, kunde na majani, na walitembea kwenda shamba na kurudi. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alilishughulikia jambo hili hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa walipata choo kingi na laini zaidi, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda mfupi zaidi kuliko kwa Waingereza waliokula vyakula vilivyokobolewa. Nasi hivi sasa tunakula kama walivyokuwa wakila wale Waingereza.

Ndizi mbichi ina wanga mwingi usiosagika kwa wepesi, na wapo watu ambao huwafunga. Ndizi iliyoiva vizuri, yenye madoa ya rangi ya kahawia kwenye ganda, kwa kawaida haina shida hiyo. Kila mtu aliangalie tumbo lake mwenyewe.

Mjamzito, Kiembesamaki

Naomba kuingilia kwa sababu suala langu liko karibu na hili. Nina mimba ya miezi sita, na tangu nilipoanza kumeza vidonge vya madini ya chuma nilivyopewa kliniki choo kimekuwa kigumu na cheusi. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na ananihangaikia sana, amenitayarishia mafuta ya mbarika, na jirani amenishauri sanamaki. Nataka kuviacha vile vidonge, lakini naogopa.

Mfamasia, Mjini Unguja

Dada yangu, nianze na wewe kwa sababu jambo lako halisubiri. Tafadhali usinywe mafuta ya mbarika. Huutikisa utumbo kwa nguvu na yanaweza kuuchochea mfuko wa uzazi ukaanza kujikaza kabla ya wakati wake. Shubiri nayo uiepuke kwa sababu hiyo hiyo, na usichemshe sanamaki bila ya ushauri wa kliniki. Mwambie mama kwa upole na heshima kwamba umekatazwa na mtu wa dawa, ili lawama iwe yangu. Vidonge vya chuma usiviache, kwa kuwa upungufu wa damu wakati wa kujifungua ni hatari kubwa kwako na kwa mtoto. Rangi nyeusi inatokana na chuma chenyewe, lakini kama choo ni cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo inaweza kuwa damu, na uende hospitali mara moja. Kwa huo ugumu, fuata chakula alichokieleza mama wa Makunduchi, na ukienda kliniki waeleze wanaokuhudumia. Wanaweza kukubadilishia aina ya kidonge au utaratibu wa kukimeza, na wanaweza kukupa laktulosi, dawa ya maji matamu inayovuta maji ndani ya utumbo, ambayo hutumika kwa wajawazito.

Sasa nije kwa mwalimu. Sanamaki ni dawa ya kweli. Majani yake yana kemikali zinazouamsha utumbo mpana ujikunje, na kazi yake huonekana baada ya saa 6 hadi 12. Hospitali pia hutumia vidonge vilivyotengenezwa kutokana na mmea huo huo, lakini kidonge kina kipimo kinachojulikana, na majani unayoyachemsha mwenyewe hayana. Leo kikombe kitakuwa chepesi na kesho kitakuwa kikali mno, na hiyo ndiyo sababu ya yale maji matupu unayoyaona. Kuharisha namna hiyo mara kwa mara hupoteza maji na madini, hasa potasiamu ambayo moyo na misuli huihitaji. Tena baada ya utumbo kusafishwa wote ni kawaida kukaa siku mbili au tatu bila ya choo, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kutoka, lakini wewe unaingiwa na wasiwasi, unachemsha tena, na mambo yanajirudia.

Kwa hiyo iache sanamaki, uanze mpangilio wa asubuhi na chakula, na kwa kipindi hiki cha kuvuka uone duka la dawa lenye mfamasia. Yapo maganda ya ispagula, ambayo ni nyuzinyuzi zinazochanganywa na glasi kubwa ya maji na kunywewa mara moja kabla hayajavimba, na ipo hiyo laktulosi ambayo huchukua siku moja hadi tatu kufanya kazi. Usitegemee haraka ya haluli, yaani dawa ya kuharisha. Kipimo chako kiwe umbo la choo zaidi kuliko idadi ya siku: mtu anaweza kwenda mara tatu kwa siku au mara tatu kwa wiki, na yote mawili yakawa sawa kwa mwili wake. Madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 1997 kipimo cha aina 7 za choo, kuanzia vidonge vigumu vilivyotengana hadi maji matupu. Maelezo yako yanaonesha kwamba unaruka kutoka aina ya 1 hadi ya 7. Unachokitafuta kipo katikati, aina ya 3 au ya 4, choo kirefu na laini kinachotoka bila ya kujikamua.

Mwalimu, Wete

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimekwisha zungumza na mke wangu kuhusu kunde na uji wa mtama, naye amefurahi kuliko nilivyotarajia. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwezi wa Ramadhani hunizidishia hali hii, sijui niupange vipi. Na mama yangu, mwenye miaka 71, anayetumia vidonge vya presha, naye amefunga choo tangu miezi michache iliyopita. Zamani hakuwa na shida hii kabisa. Amepungua mwili na analalamika kuchoka. Nilikuwa nakusudia kumpikia chakula hiki hiki nitakachokula mimi.

Mama mpishi, Makunduchi

Kwa Ramadhani, mwalimu, siku imefupishwa kwa upande wa kunywa, kwa hivyo maji yagawe baina ya futari na daku, glasi moja moja, usiyanywe yote kwa mkupuo mmoja wakati wa daku. Futuru kwa tende na maji, kisha futari yako iwe na kunde au mbaazi na mboga, kwani muhogo, tambi za sukari na vya kukaanga peke yake ndivyo vinavyokaza tumbo. Daku usiiache, na isiwe wali uliobaki na chai tu. Chungwa au papai baada ya Tarawehe litakusaidia zaidi kuliko kaimati. Saa ya chooni nayo ihamishe, iwe baada ya futari au baada ya daku, popote ambapo tumbo lako limepata chakula baada ya kukaa tupu.

Muuguzi mstaafu, Chake Chake

Mwalimu, suala la mama yako si la jikoni, na nakuomba usilichanganye na lako. Wewe una tatizo la miaka mingi lenye sababu zinazoonekana. Yeye ni mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika hivi karibuni, anapungua mwili na anachoka, na mambo hayo matatu yakikutana katika umri wake ni lazima yachunguzwe. Huenda ikawa ni dawa, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, kama verapamili, hufunga choo, na zile za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Huenda ikawa ni tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, au sukari. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo huanza kwa dalili hizi hizi, na ikigundulika mapema inatibika. Asiache vidonge vya presha kwa uamuzi wake wala kwa uamuzi wako, na asipewe haluli ya aina yoyote. Akianza kutapika, tumbo likamvimba, au akashindwa hata kutoa upepo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mpeleke hospitali wiki hii. Muombe daktari ampime wingi wa damu na aangalie kama kuna damu iliyojificha kwenye choo, na muulize kama anahitaji kuchunguzwa utumbo kwa kamera. Chukua vidonge vyake vyote pamoja na paketi zake, na umueleze daktari tarehe ya karibu zaidi unayoweza kukumbuka ambayo mabadiliko haya yalianza.